Bi. Mfano Anaendelea Vizuri

Asubuhi ile Fundi alikuta kikombe chake cha chai kimehamishiwa juu ya kibodi, maana yake mrembaji wa kurasa alikuwa amekwisha kufika na kuitanua karatasi yake mezani. Walifanya kazi pamoja katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, nyuma ya wodi ya wanawake, na mpaka leo kilinuka mpira. Hospitali ilikuwa imeamua kila mgonjwa awe na ukurasa wake kwenye kompyuta, na wauguzi wausome kabla ya kutoa dawa, ili mabishano yaishe.

Hapo mwanzo Fundi alizijenga kurasa hizo ndani ya programu yenyewe, tofali kwa tofali. Zilikuwa sahihi, na sura hazikuwa nayo. Mkuu wa hospitali alisema zinamkumbusha risiti ya duka la sabuni. Ndipo akaletwa mrembaji na violezo vyake: kurasa zilizokwisha kupambwa, zenye nafasi za kutiwa jina, umri na hali ya mgonjwa. Kazi ya Fundi ikawa kuviunganisha violezo hivyo na programu. Na kwa kuwa mkuu hapendi kuona mashimo, mrembaji alizijaza nafasi zote kwa mgonjwa wa kubuni. Alimwita Bi. Mfano, mwenye miaka sitini, mashavu yamejaa, maumivu hana, anaendelea vizuri. Taarifa za mgonjwa wa kweli zikija, Bi. Mfano anampisha. Zisipokuja, anabaki.

Lugha ya kompyuta aliyoandikia Fundi ilikuwa na tabia zake, naye aliipenda kwa tabia hizo kama mtu anavyompenda mkwe mkali ila mkweli. Ukiipa kitu kilekile inakurudishia jibu lilelile, leo na mwakani, na upendeleo haiujui. Kilichokwisha kuumbwa ndani yake hakibadilishwi. Ukitaka kingine unaumba kipya, na cha zamani kinakaa pembeni mpaka asiwepo anayekishika, kisha kinafagiliwa. Kwa lugha hiyo Fundi aliandika mstari mmoja wa kukusanya taarifa za mgonjwa, akaufurahia hata akamwita mrembaji auone. Mstari ulisema hivi: vyote vikiwepo, mgonjwa yupo, kikikosekana kimoja, mgonjwa hayupo.

"Umetulia kweli huo," mrembaji alisema. "Na wale wasiojua tarehe ya kuzaliwa?"

"Ni wachache hao," Fundi alisema, akanywa chai yake.

Mmoja wa hao wachache alikuwa shangazi yake, aliyelala kitanda cha dirishani, upande wa pili wa ukuta, ugonjwa ukimla mifupa. Alizaliwa mwaka wa mafuriko, na mafuriko yalikuwa mengi. Huyo shangazi ndiye aliyemlea Fundi tangu hajui kujifunga kanga, akamfunza kusoma, kufua, na kutompa mkubwa mkono wa kushoto. Hili la mwisho alilifunza kwa kofi, na halikuhitaji kurudiwa.

Kurasa zilifunguliwa Jumatatu. Saa ya dawa Fundi alipita wodini kumjulia hali shangazi, akamkuta Bi. Mfano ndiye aliyelala pale dirishani, shuka limemkaa sawasawa na dripu iko mkononi. Alikuwa pia kwenye kitanda cha jirani, na kwenye kile cha mlangoni. Hawakuwa mapacha. Alikuwa ni huyohuyo mmoja, kwa sababu lugha ile haioni haja ya kurudufu kitu kisichobadilika. Alipokohoa dirishani alikohoa na mlangoni.

"Shangazi yangu yuko wapi?" Fundi alimwuliza muuguzi.

"Yule asiye na ukurasa? Tumemhamishia kwenye benchi la ukumbini, dada. Kitanda kina mtu."

"Na sindano yake ya maumivu?"

Muuguzi alimgeuzia kioo cha kompyuta aone mwenyewe. "Maumivu hana."

Kando ya kitanda cha mlangoni alisimama mwanamume mmoja na chupa ya uji, akimtazama Bi. Mfano aliyelala mahali pa mama yake. Bi. Mfano alimshukuru kwa uji, akasema ni mtamu. Yule mwanamume alivuta kiti. Alimwambia muuguzi kwamba mama tangu alazwe hajawahi kumshukuru kwa lolote, na kwamba haya ni maendeleo makubwa. Kwenye benchi, hatua chache kutoka pale, mama yake mzazi alikuwa akimwita kwa jina la utoto.

Shangazi alikaa katikati ya benchi na gauni la hospitali lililofunguka mgongoni. Mfagiaji wa ukumbini alikuwa akija polepole na ufagio wake mrefu, mtu mpole, asiyependa kumkera mtu. Mwishoni mwa benchi alikaa bibi asiye na mgeni. "Samahani, mama, inua miguu," mfagiaji alimwambia. Bibi akainua miguu, na ufagio ukampitia mwili mzima. Aliingia kwenye beleshi la taka bila taabu, kama makombo ya mkate.

"Mbona unamfagia?" Fundi alimwuliza.

"Nafagia asiyeshikwa na mtu," mfagiaji alisema. "Huyu wako umemshika?"

Fundi aliukamata mkono wa shangazi. Mfagiaji aliitikia kwa kichwa, akawaruka, akaendelea na mama wa yule mwanamume wa uji.

"Nani kafanya mambo haya, we Kichwa Ngumu?" shangazi aliuliza. Hilo ndilo jina alilompa tangu utotoni, na hakuna mwingine aliyelitumia.

"Mimi, shangazi."

Shangazi alicheka mpaka mbavu zikamkatalia. "Mchuma janga hula na wa kwao," alisema. "Haya, wa kwenu ndimi. Usiniachie."

"Sikuachii."

Alimkokota hadi ofisini kwa mkuu, wawili wakiwa wameshikana kama wanaovuka barabara. Mkuu alimwonyesha Fundi kiti; shangazi alisimama, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Fundi alieleza kwamba kosa ni la mstari wake. Asiyejulikana tarehe angeweza kuachiwa nafasi hiyo tupu na yaliyobaki yakaonekana. Angeurekebisha mstari kabla ya chakula cha mchana.

"Tupu?" mkuu aliuliza. "Wageni wanakuja Alhamisi kukagua kurasa, unataka waone mashimo?"

"Lakini wagonjwa wako nje, mkuu. Wanafagiliwa."

"Wanaolala vitandani wanasemaje?"

"Wanaendelea vizuri."

"Basi." Mkuu alifungua dirisha, maana gauni la shangazi lilikuwa na harufu. "Wodi ile haijawahi kuendelea vizuri tangu niteuliwe. Huyo wako mtilie tarehe yoyote, nitajifanya sijaona. Mstari usiuguse."

Fundi alirudi stoo, akamkalisha shangazi juu ya godoro kuukuu kulia kwake, akaandika kwa mkono wa kushoto. Alimchagulia tarehe ya kuzaliwa yenye hali nzuri ya hewa. Walipochungulia wodini, kitanda cha dirishani kilikuwa na shangazi mpya, mwenye jina, tarehe, ugonjwa na maumivu makali, kama ilivyoandikwa. Muuguzi alisoma ukurasa, akamchoma sindano. Shangazi mpya akalala.

Shangazi wa zamani alibaki vilevile na mifupa yake, ameegemea mlango. Sindano ilikuwa moja kwa ukurasa mmoja.

"Kweli anafanana nami," alisema. "Ila mimi sijalala hivyo tangu mwaka jana."

Yule mpya alipoamka, alimtazama Fundi kwa upole na kumwita "ndugu wa karibu", kwa sababu ndivyo hospitali ilivyomjua. Fundi alimwuliza jina alilokuwa akimwita utotoni. Shangazi mpya alifikiri kwa bidii, kisha akamtajia namba ya simu yake Fundi, bila kukosea hata tarakimu. Fundi alirudi stoo, akalia huku ameushika mkono uleule, na shangazi akamfuta kamasi kwa ule mwingine.

Toka hapo hakumwachia. Walikula kwa zamu, walilala juu ya godoro moja, na chooni walikwenda wote. Mrembaji aliwasogezea meza wapate nafasi. Maumivu yalipozidi, shangazi aliuma pindo la gauni, na Fundi alihisi kila pigo likipita vidoleni mwake. Alikuwa na mpango: Alhamisi atawaeleza wageni wenyewe, watu wa nje wenye kusikia, na mstari utarekebishwa kwa amri yao. Shangazi alisema ni mpango mzuri, kwa sauti ya mtu anayemsifu mtoto kwa kuchora ng'ombe.

Alhamisi wageni waliingia stoo na viatu vinavyong'aa. Mbele alikuwa mzee mnene mwenye fimbo, mkubwa wao, ambaye mkuu wa hospitali alitembea nyuma yake kidogo. Mfagiaji alikuwa mlangoni, amewapisha.

"Na huyu ndiye fundi wetu," mkuu alisema.

Mzee alihamishia fimbo upande mwingine, akanyoosha mkono wa kulia.

Mkono wa kulia wa Fundi ulikuwa umeushika wa shangazi. Wa kushoto ulikuwa huru, na kwa muda mfupi uliinuka kidogo kutoka kwenye kibodi. Kisha shavu lake likakumbuka. Mkono wa kulia ukaenda wenyewe, kwa adabu, na Fundi akaupokea mkono wa mzee, akainama kama alivyofunzwa.

Mzee alikuwa mtu wa kushika mkono asiuachie upesi. Aliuliza habari za kazi, akasifu rangi za kurasa, akasema vijana ndio taifa. Nyuma ya mgongo wake Fundi alisikia, "Samahani, mama, inua miguu."

Mkono ulipoachiliwa, godoro lilikuwa safi. Fundi aliwaeleza wageni habari ya mstari, yote, kama alivyokusudia. Mzee alisikiliza akiitikia kwa kichwa, kisha akaomba kuonyeshwa wodi. Alipita kitanda hadi kitanda akiuliza hali, na Bi. Mfano akamjibu kwa mdomo mmoja kutoka vitanda vingi. Wageni walipiga makofi. Mkuu alimnong'oneza Fundi kwamba baada ya hapa itakuwa wodi ya watoto, na mrembaji amekwisha kuchora mtoto.

Walipoondoka, Fundi alikwenda dirishani.

"Karibu, ndugu wa karibu," shangazi alisema.

Fundi alimpa mkono wa kushoto. Shangazi aliupokea kwa mikono miwili, akatabasamu.