Msumari wa Nane

Kilichomkera Lavonia Gathright ni neno moja dogo: sasa. Kijana wa gazeti alikuja Jumamosi kwenye kiwanja cha nyuma ya kanisa, akawatazama wanawake waliojipanga kulenga shabaha, kisha akauliza kwa adabu zake zote, "Kwa nini watu weusi sasa wameanza kupenda bunduki?"

"Sasa?" Lavonia akasema. "Sasa tangu lini, mwanangu?"

Kijana akacheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani hata kidogo. Lavonia alikuwa na miaka sitini, thelathini kati ya hiyo akiendesha basi la shule, na mtu aliyezoea kunyamazisha watoto hamsini kwa kuwatupia jicho kwenye kioo hana haja ya kupaza sauti. Darasa lile alilianza na wanawake wanne wa kwaya. Siku hizi walikuwa ishirini na watatu, na si weusi peke yao. Alikuwepo Thuy, Mvietnamu mwenye saluni ya kucha. Alikuwepo bibi mmoja wa Kimeksiko anayekuja na kiti chake. Walikuwepo pia vijana wawili wa kiume wanaopendana, ambao mji huu wa jimbo la Arkansas haujawahi kuwatakia heri. Kila mmoja alikuja na hofu yake, na hakuna aliyeulizwa ni ipi.

"Andika na hili," Lavonia akamwambia kijana. "Babu wa mama yangu alikuwa na bunduki katika wilaya hii hii. Baba yake naye, alipotoka utumwani, kwanza alinunua nyumbu, pili akanunua bunduki. Ndiyo maana hapo jimbo jirani, Mississippi, walikimbilia kutunga sheria kwamba mweusi asishike bunduki bila kibali chao. Mtu hatungi sheria ya kukataza kitu ambacho hakipo. Sisi hatujaanza sasa. Sisi tulinyang'anywa."

Halikuandikwa hata neno moja la hayo. Ilitoka picha ya Thuy akicheka.

Darasani kila mtu aliijua hadithi ya bunduki ya Hosea Lockridge, maana Lavonia aliisimulia hadi wakaweza kuimalizia wenyewe. Hosea, babu wa mama yake, alikuwa mkulima wa pamba. Bunduki yake ilikuwa ya mitutu miwili, na kwenye kitako chake alipigilia misumari midogo ya shaba, ile ya makochi, mmoja kwa kila mtoto. Mkewe alipohisi mimba inacheza, Hosea alitoboa tundu. Mtoto alipozaliwa na kulia, ndipo akapigilia msumari. Watoto walikuwa wanakufa sana, na Hosea hakutaka kusherehekea kabla ya kusikia sauti.

Mwaka 1919 wakulima weusi walianza kukutana kanisani kudai bei halali ya pamba yao. Oktoba, siku ya Jumanne, sherifu na watu wake walipita nyumba hadi nyumba kukusanya bunduki, wakisema ni kwa ajili ya amani. Kwenye kitako cha Hosea kulikuwa na misumari saba na tundu la nane, tupu. Alhamisi wakarudi, na safari hii nyumba haikuwa na cha kuzuia mlango. Hosea waliondoka naye, na maiti yake ilikutwa ziwani na mwanaye mkubwa. Bibi Ozella, mtoto wa nane, alizaliwa mwezi uliofuata. Msumari wake ulibaki kwenye kopo la nyuzi, ukarithiwa na binti yake, Mama Idell, ambaye sasa ana miaka themanini na mbili na ndiye mama mzazi wa Lavonia.

Jumatatu baada ya yule kijana wa gazeti, Thuy alipiga simu.

"Mwalimu, umekaa?"

"Niko kwenye basi. Sema."

"Shule ya mtoto wangu imewapeleka makumbusho ya wilaya. Kapiga picha. Kuna bunduki ina misumari. Nimehesabu mara tatu, Mwalimu. Saba, halafu tundu."

Lavonia alizima injini. Watoto nyuma walinyamaza bila kuambiwa.

Makumbusho yalikuwa ndani ya mahakama ya zamani. Bunduki mbili zilikuwa zimelala kabatini nyuma ya kioo, ubavu kwa ubavu. Kibao cha kwanza kilisema: Bunduki ya Sherifu Amos Tarver, aliyerejesha amani. Cha pili kilisema: Bunduki iliyotwaliwa kwa wafanya fujo, Oktoba 1919. Lavonia alikisoma hadi macho yakamuuma. Wafanya fujo! Mtu yuko jikoni kwake, mkewe ana mimba ya miezi minane, unamvunjia mlango, halafu mfanya fujo ni yeye!

Ilichukua wiki sita za barua. Mama Idell kila jioni aliuliza, "Imefika?" na kila jioni Lavonia alijibu, "Bado, Mama," huku akimwona anavyozidi kukonda. Hakutaka kitu kingine duniani ila kumwekea mama yake bunduki ile mapajani kabla hajafumba macho.

Hatimaye aliitwa. Alikwenda na Thuy na ule msumari, umefungwa kwenye leso. Mkuu wa makumbusho, Bi Stroud, alikuwa na tabasamu la kukaribishia wageni. Pembeni yake alikaa wakili wa kamati ya makumbusho, Bwana Kimbrough, na bunduki ilikuwa mezani.

"Mpenzi, tumeguswa sana na hadithi yako," Bi Stroud akasema.

"Mimi si mpenzi wako. Naitwa Bi Gathright."

Akafungua leso, akautia msumari kwenye tundu la nane bila kuupigilia. Ukakaa sawasawa. Ulikuwa na kichwa kile kile na mikunjo ile ile pembeni, ila uling'aa kuliko wenzake, maana haukuwahi kushikwa na mikono ya kazi. Bi Stroud akajifuta jicho. Lavonia akauchomoa, akaufunga tena.

"Hatubishani," wakili akasema. "Kamati imekubali kuirudisha. Ila itabidi kwanza polisi wakague rekodi zako. Ni kwa usalama tu."

"Bunduki iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1899, kama hii, sheria ya taifa haiihesabu kuwa bunduki. Nafundisha hilo kila Jumamosi. Njoo, somo la kwanza ni bure."

"Hata hivyo, ndio utaratibu wetu."

"Aliyeichukua kwetu, mlimkagua?"

Wakili akatazama karatasi zake. Thuy akakohoa kuficha kicheko. Karatasi ikasukumwa mbele, na Lavonia akaweka sahihi kwa kalamu yake mwenyewe. Wakili akawapigia polisi simu, na baada ya dakika chache akaitikia kwa kichwa.

Kisha akafanya anachofanya kila mtu aliyefunzwa anapokabidhiwa bunduki. Aliikunja kiunoni, pale mitutu inapoungana na kitako, akaielekeza dirishani, akachungulia ndani ya mitutu. Hakuona kitu. Akadhani ni kutu, akatia kidole mdomoni mwa mtutu. Kidole kiligota. Mitutu yote miwili ilikuwa imemiminiwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, yakagandia humo.

"Nani kafanya hivi?"

"Aa, hiyo ni zamani," Bi Stroud akasema. "Mwaka 1966, kumbukumbu zinaonyesha. Kulikuwa na wasiwasi. Kwa usalama wa wageni, unajua."

Lavonia alijua. Mwaka 1966 alikuwa na miaka minne, na mama yake alimshika mkono kwenye ngazi za jengo hili hili, wakiwa kwenye foleni ya kujiandikisha kupiga kura. Watu wa foleni ile ndio waliowatia wasiwasi.

"Nipe ile nyingine."

"Ipi?"

"Ya sherifu."

"Bi Gathright, ile siyo—"

"Nichungulie tu. Sitaila."

Labda ni sauti ya dereva wa basi. Bi Stroud alifungua kabati. Lavonia aliikunja bunduki ya Amos Tarver, na ilifunguka bila kukwama, imepakwa mafuta. Akachungulia. Mwanga wa dirisha ulipita kote, mitutu miwili misafi, na mwisho wake aliuona mti wa uani na gari lake limeegeshwa.

Hasira ilimpanda, naye hakuificha. "Hii haikuwatia wasiwasi," akasema. "Hii iliyoua. Miaka hamsini na sita mnapita hapa na vitambaa vya kufutia vumbi, hii mnaipaka mafuta, na ile mmeikaba koo! Na mwenye kukaguliwa ni mimi!"

Aliilaza ya sherifu mezani, akaichukua ya Hosea na kibao chake cha wafanya fujo, akatoka. Thuy alimfungulia mlango.

Njiani alipanga la kusema. Alitumaini mama yake ataipapasa tu misumari, atalia kidogo, atatosheka. Lakini Mama Idell alilelewa na Ozella, aliyemfunza kuichungulia bunduki kabla ya jambo lingine lolote. Alipowekewa bunduki mapajani alihesabu kwa kidole hadi saba, kisha akaikunja kiunoni kwa mikono yake yenye baridi yabisi na kuielekeza dirishani.

Alichungulia mtutu wa kwanza, kisha wa pili.

"Wameiziba," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Haina hata mtu wa kuishika, imefungiwa kwenye kioo, na bado wakaiogopa." Akapumua kwa nguvu puani. "Mume wa huyo Thuy si fundi wa vyuma? Mwite aje aizibue."

"Mama, hata ikizibuliwa haifai tena kupigwa. Itakupasukia usoni."

"Nani kakwambia nataka kupiga, Venia? Nataka nichungulie nione nje." Akanyoosha kiganja. "Leta huo msumari. Na nyundo."