Hatua Aliyoificha Seva

Kazini walimwita Seva, na jina lilimganda mpaka mkewe naye alilitumia akiwa na utani. Kampuni yao ilisambaza dawa kwa maduka na zahanati. Kompyuta zote, kuanzia ya mapokezi hadi seva yenyewe, ile kubwa iliyohudumia nyingine zote, iliyonguruma peke yake kwenye chumba chenye kiyoyozi, zilikuwa mikononi mwake. Skrini ikiganda, hakuna aliyesema kompyuta imeharibika. Walisema, "Seva yuko wapi?" Naye alipenda kuulizwa hivyo kuliko alivyoupenda mshahara.

Kiwanda alichofanyia kazi shemeji yake kilipofungwa, mkewe alimkalisha kitako baada ya chakula.

"Baba watoto, mdogo wangu ana kichwa. Mfundishe hiyo kazi yako."

"Kazi yangu si ya kufundishia mezani."

"Kwani wewe ulizaliwa nayo?"

Seva alicheka, akakubali, na alikubali kwa moyo mweupe. Shemeji alikuwa mtu mzima, mwenye mikono mipana iliyozoea mitambo, na mwanzoni alibonyeza vitufe vya kompyuta kama anayeogopa kuviumiza. Kila jioni watoto walipomaliza kazi zao za shule, mabwana wawili hao waliirithi meza.

"Tunaanza na mashine pepe," Seva alisema siku ya kwanza.

"Pepe kama hewa?"

"Ni kompyuta iliyo ndani ya kompyuta nyingine. Huishiki, huioni, lakini inafanya kazi. Ukiivuruga unaifuta, unatengeneza mpya."

"Laiti na kiwanda chetu kingekuwa hivyo, shemeji," yule bwana alisema, wakacheka mpaka mke akachungulia kutoka jikoni.

Basi wakawa wanatengeneza mashine hizo na kuzifuta. Waliigawia mashine nafasi yake, wakaweka mfumo endeshi, halafu ndani yake wakasimika kanzidata, ile programu inayotunza kila kitu: dawa zipi zipo ghalani, zipi zimetoka, zimekwenda kwa nani. Shemeji alikosea, akarudia, akakosea tena mahali pengine. Baada ya muda mikono ile mipana ikawa inakimbia. Seva alijisikia raha kuitwa mwalimu nyumbani kwake.

Raha hiyo iliingia mdudu siku shemeji alipogundua kosa kabla yake.

Lilikuwa kosa dogo tu. Seva alikosea kuandika jina la mtumiaji, akahangaika nalo, na shemeji akanyoosha kidole kwa adabu zote: "Hapo, mwalimu, nadhani herufi moja imepotea." Ilikuwa kweli. Seva alisema ahsante. Lakini usiku kitandani alijigeuza sana.

Sasa kanzidata ikishasimikwa ina tabia yake. Inazungumza na mashine yake yenyewe tu. Kompyuta za wauzaji zikibisha hodi hazifunguliwi, mpaka fundi abadilishe mstari mmoja kwenye mipangilio, kisha aiambie programu ya ulinzi iuache wazi mlango wa kanzidata. Ni kazi ndogo sana kwa anayeijua. Asiyeijua atafumua kila kitu akidhani ameharibu mwanzo.

Hatua hiyo Seva hakuifundisha. Kila walipoifikia alifunika kompyuta. "Inatosha kwa leo," alisema, au, "Hiyo ni ya mwishoni, usiwe na haraka." Na siku alizomchukua shemeji kazini kumsaidia, ikifika hapo alimtuma kununua maji. Hakumwambia mtu. Hata yeye mwenyewe hakujiambia waziwazi. Alisema moyoni kwamba mtu haachi milango yote ya nyumba yake wazi, basi.

Ndipo kampuni ikafungua tawi jipya upande wa pili wa mji. Mkurugenzi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimwita Seva ofisini.

"Tawi linataka mashine yake na kanzidata yake kabla hatujaanza kuuza. Lakini nawe nakuhitaji hapa, tunahesabu ghala. Tufanyeje?"

"Yupo shemeji yangu. Nimemfundisha mwenyewe."

"Anaweza?"

"Anaweza, mama. Akikwama, nipo."

Alitoka pale akitembea kama mtu aliyetunzwa. Kwa muda mrefu alikuwa anakitaka cheo cha mkuu wa kitengo cha kompyuta, na mkurugenzi alikuwa anamzungusha. Sasa picha nzima aliiona: shemeji anasimika, kompyuta za wauzaji zinagoma, meneja wa tawi anapiga kelele, Seva anafika, anagusa mara mbili, kazi imekwisha. Nani tena angeuliza umuhimu wake? Shemeji hangepata hasara yoyote, ila aibu kidogo, na aibu, Seva alijiambia, haiui.

Hesabu ya ghala ilimalizika Ijumaa, mapema kuliko walivyotarajia, lakini kazi ya tawini ilikuwa imeshapangiwa shemeji, naye akaenda Jumamosi. Alipoondoka, Seva alioga, akavaa shati la kazini, akafunga viatu, akaweka mkoba wake miguuni, akakaa kwenye kochi. Simu ilikuwa juu ya goti.

Mkewe alikuwa anakunja nguo zilizokauka. Alimtazama mara ya kwanza, akaendelea kukunja. Mara ya pili akauliza.

"Unatoka?"

"Nasubiri simu."

"Ya nani?"

"Ya mdogo wako. Atakwama."

"Kakuambia ana shaka?"

"Hajaniambia. Lakini atakwama, utaona."

Mkewe aliacha kukunja. Alishika kanzu ndogo ya mtoto kwa mikono yote miwili, hakuiweka chini.

"Baba watoto, umejuaje kwamba atakwama?"

Neno lilikuwa limeshamtoka Seva, na neno likitoka halirudi. Akatafuta la kulifunika. "Kazi hizi ni ngumu. Mtu mgeni..."

"Mwezi mzima unamsifia mbele ya watu. Leo umevaa viatu ndani ya nyumba unasubiri aanguke."

"Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa siku nyingi." Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa naona mnavyofika mahali unafunga kompyuta. Nilikuwa naona toka hapo jikoni. Nikamwambia mdogo wangu asitegemee mwalimu mmoja, kuuliza si ujinga, aende na kwa mafundi wengine. Akaenda. Sikumwambia kwa nini. Nilikusitiri."

Seva alitaka kukasirika, maana hasira ingemsaidia, lakini haikuja. Simu ilikaa pale gotini, haikulia.

Shemeji alirudi jua lingali juu, ana mfuko wa machungwa mkononi na furaha isiyofichika. Wauzaji walikuwa wameingia wote, kila mmoja kwenye kompyuta yake, na risiti ya kwanza ya majaribio imetoka. Aliwabeba watoto juujuu, akamshika Seva mkono kwa mikono yake miwili.

"Shemeji, mimi nilikuwa mtu wa kukaa kibarazani. Wewe ndiye umenifanya mtu. Mungu akuzidishie."

"Amina," Seva alisema. Mkewe alikuwa anamenya chungwa, hakuinua macho.

Wiki iliyofuata mkurugenzi alimwita. Seva alikaa kwenye kiti kilekile.

"Nimeliona tawi. Limesimama vizuri," mama alisema. "Na nimegundua kitu juu yako. Wewe ni mwalimu. Mwalimu hujulikana kwa mwanafunzi wake, na huyu wako ni hodari. Kitengo nitampa yeye akiongoze. Wewe nataka utufundishie wengine, kila tawi litakalofunguliwa. Nadhani utafurahi, ni ndugu yako."

"Nimefurahi, mama."

Alimaanisha nini hakujua. Miezi ya mwanzo alingoja ile mashine ya tawini ianguke. Aliingoja mvua zilipokata umeme, aliingoja mauzo yalipoongezeka. Kila asubuhi aliifungua kutoka mezani kwake akaikuta nzima, inajibu upesi, imepangwa kwa usafi ambao yeye mwenyewe asingeujali. Hakuna kilichoharibika. Shemeji alihamia kwenye nyumba yake ya kupanga, na kila alipokuja kuwasalimu aliendelea kumwita mwalimu, mbele ya watu na pasipo watu.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi. Chakula kilipikwa, watoto waliulizwa habari za shule, mgeni akija alikaribishwa kwa kicheko. Mkewe hakulitaja tena jambo lile. Aliacha tu kumtania kwa jina lake la kazini.

Yeye alikuwa mshonaji, na wateja walipoongezeka akanunua kompyuta ndogo ya mkononi, atunzie vipimo na oda. Seva aliiona juu ya cherehani, bado ina karatasi ya plastiki kwenye skrini. Akavuta kiti.

"Lete nikuonyeshe. Tutaanza leo, taratibu. Kila kitu nitakuonyesha."

Mkewe alikuwa ana pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Usijisumbue, baba watoto. Mdogo wangu atakuja kesho kunifundisha."

Alilisema kwa upole, kama mgeni anayekataa chai ya pili. Kisha akakanyaga cherehani, na Seva akabaki ameshika mgongo wa kile kiti, hajui akirudishe au akikalie.