Mchanga Uliochaguliwa na Kamati

Wanaume wa kamati walikaa sebuleni kwa kaka yangu Kornelio, hapa Kilosa mjini, kuchagua ufukwe wa bahari, na kati yao hakuna hata mmoja aliyewahi kulowesha unyayo kwenye maji ya chumvi. Nawajua vizuri. Mimi Magreti ndiye niliyewapikia chai.

Ilikuwa kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga Kulwa, binti wa kaka yangu. Alikuwa anaolewa na Goodluck, kijana mwenye nyumba ndogo ya wageni kule Mikumi. Zamani binti aliagwa kwa khanga na wosia wa shangazi zake, yakaisha. Lakini tangu ruksa ya biashara huria iingie nchini kila jambo lina kamati, kila kamati ina mwenyekiti, na kila mwenyekiti ameona kwenye video namna watu wa Dar es Salaam wanavyofanya. Watu wa Dar wanapeleka maharusi fungate ufukweni. Basi na sisi, ambao bahari kwetu ni ukurasa wa kitabu cha shule, lazima tupeleke wetu ufukweni. Tena iwe siri, itangazwe kwenye kipaza sauti siku ya sendofu, watu washangilie.

Mwenyekiti alikuwa Beda. Huyu Beda, enzi za duka la ushirika, ndiye aliyekaa nyuma ya kaunta akituambia "hakuna". Hakuna sabuni, hakuna khanga, hakuna sukari, wakati miwa imejaa Kidodi. Ushirika ulipokufa akaibuka na duka lake mwenyewe la vitambaa, karibu na stesheni, la matofali ya saruji, na ile "hakuna" ikageuka "karibu mama". Alijisifu kwamba bahari anaijua kwa sababu huenda Kariakoo kufuata mzigo. Siku moja nilimuuliza kama akiwa Kariakoo alifika hadi baharini. Akasema hakuweza kuuacha mzigo peke yake. Huyo ndiye akawa bingwa wetu wa fukwe.

Mngewasikia!

"Pangani ndiko kwenye mchanga," alisema mmoja.

"Pangani kuna upepo," Beda akamkata. "Mchanga unaruka mpaka kwenye sahani. Mchanga wa ufukwe uwe mweupe kama sembe, na usishike nguo."

"Na Kigamboni je?"

"Kigamboni kila mtu anakwenda. Tunataka mahali ambapo mtu akirudi, anaulizwa habari zake."

Beda alikuwa ameleta kalenda ya wauza matairi yenye picha ya ufukwe. Wakaipitisha mkono kwa mkono, wakiukagua mchanga wa karatasi kama wanawake wanaochagua mchele. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku ile yalikuwa yamekusanyika madebe matupu kwenye chumba kimoja.

Nilipoingia na birika la pili nikawauliza, "Kulwa mwenyewe mmemuuliza?"

"Shangazi," Beda akasema kwa upole wa mwenye duka, "hii ni sapraizi. Mtu haulizwi kuhusu sapraizi yake."

Wakacheka wote, isipokuwa Kornelio. Yeye alitazama ndani ya kikombe chake. Nilimkasirikia kuliko wote, kwa sababu wale wengine walikuwa wamesahau, lakini yeye alikuwa anakumbuka na kunyamaza.

Ukitaja jina la Kulwa popote katika nchi hii, mtu atakuuliza, "Na Doto yuko wapi?" Hapa kwetu watu wameacha kuuliza. Doto, pacha wake, alikuwa kijana mwenye mikono ya kazi. Maduka yalipoanza kuota mjini kama uyoga, mchanga ulitakiwa, na vijana walishuka mto Mkondoa kuuchota na kujaza malori. Siku moja Kilosa palikuwa pakavu kabisa. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani. Mto ulishuka ghafla, vijana wakapanda ukingoni, lakini Doto akarudi kufuata beleshi, kwa kuwa lilikuwa la kuazima.

Hatukumpata. Watu waliufuata mto mpaka Kimamba na kupita, wakarudi mikono mitupu. Hapakuwa na mazishi wala matanga. Kornelio alisema mtoto hajaonekana, na asiyeonekana hazikwi, na tangu hapo hajalitamka jina lake. Kulwa naye tangu hapo hakanyagi mchanga wa mto. Wenzake wakishuka kufua, yeye hubaki juu kwenye majani akiwasubiri. Wanamwona ana maringo. Mimi aliniambia ukweli: "Siwezi, shangazi. Sijui nitamkanyaga wapi."

Na lori lililokuwa likisubiri ukingoni siku ile, lilikuwa linapeleka mchanga kwenye kiwanja cha duka la Beda. Watu husema Beda alisikitika sana. Ni kweli, alisikitika, kisha akanunua mchanga kwingine, maana fundi alikuwa anamngoja.

Sasa msikieni katibu, Mwalimu Lupakisyo, aliyekuwa amenyamaza muda wote ili akisema asikike. Akasimama, akakohoa.

"Ndugu wajumbe, mimi napendekeza kaskazini ya Bagamoyo, karibu na pale Wami unapoingia baharini. Na sababu ninayo. Mkondoa wetu unaingia Wami. Kwa hiyo mchanga wa pwani ile umetoka wapi? Umetoka hapa hapa Kilosa! Binti yetu atakuwa ugenini, lakini atakuwa anakanyaga mchanga wa kwao."

Walipiga makofi mpaka vikombe vikatikisika. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilingoja angalau mmoja asikie alichokisema mwenzake. Hakuna aliyesikia. Kornelio akainuka, akatoka nje akiwa ameshika uso.

"Mzee amefurahi mpaka machozi," Beda akasema, na katibu akaandika kwamba ufukwe umepitishwa kwa kauli moja.

Niliwachukia siku ile, nasema wazi. Siri yao ilifia jikoni kabla chai haijapoa. Mwali alikuwa ndani, chini ya mikono yangu kama ilivyo desturi, na shangazi hana kamati anayoiogopa. Nikamweleza Kulwa neno kwa neno. Nilidhani atalia. Badala yake aliniomba nirudie maneno ya mwalimu.

"Ana hakika?" akauliza.

"Walimu wana hakika siku zote. Niache niende sebuleni nikawape zao."

"Usiwaambie kitu, shangazi. Waache watangaze."

Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga, na mimi niliyemlea mtoto yule sikujua kovu lile lilikuwa linafikiri nini.

Sendofu ikafika. Ukumbi ulipambwa kwa maputo, spika zikaunguruma, na Beda akaingia na suti ya mitumba ambayo mabega yake yalikuwa bado ya yule Mzungu aliyeivaa kwanza. Kulwa akazunguka kati ya wageni akiwa na ua mkononi, akamtafuta Goodluck kama desturi inavyotaka, akampata, akamleta mbele, vigelegele vikapigwa. Ndipo mshereheshaji akampisha mwenyekiti.

Beda alitangaza ufukwe kana kwamba ameuchimba kwa mikono yake. Ile picha ya kalenda walikuwa wameibandika kwenye ubao uliozungushiwa maua. Aliusifu mchanga, akausifu weupe wake, akamtaja mwalimu na Mkondoa na Wami, na ukumbi mzima ukasimama kushangilia. Kisha akampa Kulwa kipaza sauti ashukuru.

"Nawashukuru kamati," Kulwa akasema. "Tangu mto umchukue, sikujua kaka yangu Doto alipo. Nimeukwepa mchanga wa Mkondoa nikiogopa kumkanyaga. Sasa Mwalimu Lupakisyo amenionyesha mchanga wa mto ule unakoishia."

Mshereheshaji, mtu anayelipwa ili asinyamaze, aliketi. Bibi mmoja nyuma, ambaye hakuwa amesikia vizuri, alipiga kigelegele cha mwisho kikamfia mdomoni.

"Fungate yangu nitakaa Mikumi, nimeshaongea na mume wangu. Lakini ufukwe wenu nimeupokea. Harusi ikipita, twendeni wote, kamati nzima, tukamzike Doto kwenye mchanga mliouchagua. Mwenyekiti, wewe una vitambaa. Sanda itoke kwako."

Alimrudishia Beda kipaza sauti. Beda alikishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga na hajui kumbeba. Hapo Kornelio akainuka kwenye meza kuu, akasema, "Doto. Mwanangu Doto," na mimi niliyeapa kutomsamehe nikamwendea nikamshika.

Jumatatu Kulwa na mimi tulikwenda dukani. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, na niseme kweli, yalikuwa maneno mazuri. Beda alikuwa peke yake. Alikuwa ameshateremsha jora la bafta nyeupe, futi kamba ikining'inia shingoni. Alituamkia, akavuta kitambaa juu ya kaunta, akakinyoosha kwa viganja mahali ambapo hapakuwa na mkunjo.

"Alikuwa na urefu gani?" akauliza, macho yakiwa kwenye kitambaa.

Kijana alichota mchanga wa kuta hizi mpaka mto ukamchukua, na mwenye kuta anauliza urefu wake! Nikafungua mdomo. Kulwa akanigusa mkono, nikaufunga. Akavua kandambili, akaenda akaegemea ukuta wa duka, wima, visigino vikigusa saruji.

"Tulikuwa sawa," akasema. "Nipime mimi."

Ilimbidi Beda apige magoti, aanzie miguuni.