Futi ya Shemeji

Miaka yote wafadhili walipojenga shule, madawati yalikuja na makontena, na maseremala wa mtaa wakaambulia kazi ya kupakua. Safari hii mkaguzi wa mradi aliwaambia walete dawati moja la mfano. Likipita, yote mia nne yatanunuliwa hapohapo. Likikwama, ataagiza kontena.

Mama Fundi, mjane aliyeachiwa karakana na mumewe, aligawana kazi na shemeji yake. Karatasi ya vipimo ilikuwa moja, ikabaki kwa shemeji. Yeye alichonga miguu ya mbele, na kipimo cha ile ya nyuma akamsomea Mama Fundi kwa simu aichonge kwake: inchi ishirini na tisa. Asubuhi waliunga dawati uani kwa mkaguzi, nalo likainamia mbele.

"Shemeji, dawati linasujudu."

"Labda mbao zimevimba."

"Za nyuma tu? Hebu lete hiyo futi yako."

Futi ilikuwa imekatika ncha, inchi ya kwanza haipo. Shemeji hakuona taabu. Akitaka ishirini na nane, hukata penye ishirini na tisa, mkono ulishazoea. Kwenye simu ulimi nao ukafuata mkono: karatasi ilisema ishirini na nane, yeye akasoma ishirini na tisa.

"Si nilikwambia ununue nyingine?"

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Leo ni mwisho wa useremala."

Mkaguzi alitoka, akalisukuma dawati kwa kidole. Likayumba juu ya kingo za miguu.

"Imekuwaje?"

Shemeji akaanza habari za unyevunyevu. Uongo ule ulikuwa mwepesi, na kazi ya miezi minne ilikuwa mbele yao. Mama Fundi aliomba kimoyomoyo, maneno mawili tu, kisha akamkatiza.

"Futi yetu moja ni mbovu, bwana mkaguzi, ikatuchanganyia vipimo. Miguu ya nyuma imezidi inchi moja. Nipe robo saa."

"Hapahapa?"

"Msumeno ninao."

Akalipindua dawati, akapima kwa futi yake, akakata, akapiga msasa. Mkaguzi alisimama juani muda wote. Liliposimamishwa alilisukuma tena, likatulia. Akaketi kwenye benchi lake, magoti yamebanwa chini ya meza.

"Ya kontena la mwaka juzi, sitini yalishuka yakiyumba," alisema. "Hatukuwa na wa kumuuliza. Mpaka leo yamewekewa vipande vya matofali."

Akafungua faili juu ya dawati lenyewe, akatia saini.

"Mnaanza lini?"

"Jumatatu," alisema Mama Fundi.

"Na huyu bwana?"

"Huyu atapiga msasa."