Mtu Asiye na Mchezaji

Kaka yangu ana koo la kasuku, na Mungu aliyempa ndiye atakayekuja kumuuliza alilifanyia nini. Tangu utotoni aliweza kumwigiza yeyote: baba akikohoa, jirani akimfokea mumewe, mbuzi akiona kisu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Leo akifungua mdomo namchukia mpaka kwenye kucha.

Kwa kazi ni mchora mabango. Kwa starehe ni Msimulizi. Subiri, nakueleza msimulizi wa nini. Alijitungia nchi nzima kichwani, yenye milima, wafalme walafi na korongo lisilo na mwisho, akaichora kwa rangi za masalio nyuma ya bango la mbao la saluni ambalo mteja alilikataa. Jumapili mchana bango linalazwa juu ya meza sebuleni kwa mama, saluni chini, nchi juu, na sisi tunaingia humo. Kila mchezaji ana mtu wake ndani ya nchi ile. Msimulizi anasema mmefika mtoni na mto umefurika. Wewe unasema mtu wako anafanya nini. Jambo likiwa gumu unarusha kete ya pande ishirini, na kete ndiyo inayoamua. Ndiyo, watu wazima na akili zetu. Wenzetu Jumapili wanalewa.

Mtu wangu ni mwanamke wa upanga. Kaka ndiye aliyempa jina, Kisirani, eti kafanana na mwenyewe. Sikukataa. Mwalimu, jirani yetu anayefundisha hesabu, alikuwa na mchawi mzee anayebishia kila kitu kama yeye. Shemeji, fundi wa mafriji, alikuwa na shujaa mkorofi wa kupiga kwanza na kuuliza baadaye. Na mke wa Shemeji, mdogo wetu, kitindamimba wa mama, alikuwa na mpiga mishale aitwaye Mwewe. Mwewe na Kisirani walikuwa chanda na pete. Tukifika kwenye korongo, Mwewe ndiye anayeshuka kwa kamba kupeleleza, na Kisirani ndiye anayeishika kamba juu. Mdogo wangu hakuruhusu mtu mwingine aiguse. "Dada akishika, mimi nashuka nimefumba macho," alikuwa akisema.

Sheria zilikuwa tatu tu, Kaka alizichora pembeni mwa nchi kwa mwandiko wake mzuri wa mabango. Kilichosemwa mezani kimesemwa. Aliyekufa mezani hafufuki. Asiyekuja, mtu wake anachezwa na Msimulizi. Hiyo ya mwisho tuliiweka kwa ajili ya Shemeji, maana mafriji ya watu huwa yanaharibika Jumapili. Hakuna aliyeiogopa.

Kisha mdogo wetu akafa. Aliumwa kidogo, ikawa kubwa, tukazika. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Siku tuliporudi mezani tulikaa tukikikodolea macho kiti chake. Mama alikuwa kwenye kochi anachambua mchele. Mchezo wetu ulikuwa haumhusu. Kaka akasimulia kwamba tumefika kwenye moto wa kambi, na kuna mtu amekaa pale, upinde magotini. Halafu akafungua mdomo, na mdogo wangu akatoka.

"Jamani, mmechelewa! Mlitaka niliwe na fisi?"

Ndiye. Ule mkwaruzo wa koo, kile kicheko cha puani cha kumalizia maneno. Sinia la mchele likaanguka. Shemeji alisimama, akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga, na nyumba ile hajaikanyaga tena. Nikamwambia Kaka, "Wewe una wazimu?"

Akanijibu taratibu, "Sheria ya tatu. Asiyekuja, namchezea."

Na mama? Mama aliukanyaga mchele akaja mpaka mezani, akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto, "Umekula?"

"Nimekula, mama," akajibu Mwewe.

Usidhani mama yangu ni mjinga. Alijua fika kwamba ni Kaka, alikuwa anamtazama midomo. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na sikio halina macho. Tangu siku hiyo, Jumapili alivaa gauni lake la kutokea, akakaa kwenye kiti cha marehemu. Alizungumza na Mwewe habari za mgongo wake, habari za majirani, ndoto alizoota. Wafalme na milima vikakaa pembeni vikimngoja. Mwalimu alijifanya anapanga kete. Na mimi, nasema kweli, mwanzoni nilisikiliza nikafarijika. Ilikuwa tamu.

Yule shujaa mkorofi wa Shemeji naye akawa wa Kaka. Basi akawa mpole kama kondoo, anabeba mizigo ya kila mtu, "sawa, sawa," kazi yake kuitikia. Niliona kichekesho. Laiti ningetumia akili badala ya meno.

Mambo ya nyumba yalianza kidogokidogo. Nyumba ni ya mama. Chumba cha mbele ndimo mlimo na cherehani yangu, nashona sare za shule na mapazia, na cha nyuma ndicho anacholala mama tangu alipoolewa. Kaka alikuwa akiitaka nyumba ile siku nyingi. Alikuwa na mfanyabiashara wake anayetafuta ghala. Kila akigusia, mama humkata kauli: "Nikishafukiwa mtagawana." Basi Jumapili moja, pale motoni kambini, Mwewe akashusha pumzi ndefu, akasema, "Mama, mimi huku silali vizuri."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Naiwaza nyumba. Ungemwandikia Kaka, roho yangu ingetulia. Dada mjengee kachumba uani, kanamtosha."

Nikamtazama Kaka. Hakunitazama. Alikuwa anamwangalia mama, vile unavyoyaangalia maziwa jikoni yakikaribia kufurika.

Kesho yake nilimkuta mama amepiga magoti, kichwa kiko uvunguni, anavuta sanduku lenye hati ya nyumba.

"Mama, unatafuta nini huko?"

"Mwenzako kasema."

"Mwenzangu yupi? Mwenzangu si tulimzika, mama! Yule ni Kaka anabana pua!"

Alinitazama kwa huruma, utadhani mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Najua ni nani anayesema," akanijibu. "Ila wewe hukumzaa. Jumapili nitamwambia nimekubali, naye afurahi."

Nilimfuata Kaka kwenye karakana yake. Alikuwa anachora jino kubwa kwenye bango la daktari wa meno. Nikamwambia amwache marehemu apumzike, na mama amwachie kitanda chake. Akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, wala hakuinua macho.

"Ni mchezo tu, mdogo wangu. Kama hupendi, usije. Kisirani nitamtunza mimi."

Niliondoka na hasira zangu. Njiani nikawaza: koo lake siliwezi, lakini sheria zimechorwa kwa mkono wake mwenyewe. Aliyekufa mezani hafufuki. Mwewe akifa, sauti imekwisha, na mama atabaki kwenye chumba chake. Nikajiona mjanja kweli kweli. Wahenga walishasema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini nani anawasikiliza wahenga akiwa na hasira?

Jumapili mama alikuja mezani na mkoba mapajani, hati imo ndani. Kaka alikuwa na bashasha zake. Alitupeleka korongoni harakaharaka, maana alijua mama anavyopapenda pale, wanawe wawili kwenye kamba moja. Mwewe akajifunga kamba kiunoni, akanigeukia.

"Dada akishika," ikasema ile sauti, "mimi nashuka nimefumba macho."

Hapo roho yangu ikafa ganzi. Yale yalikuwa maneno ya mdogo wangu, aliniambia mimi, na mwizi huyu kayavaa kama shati aliloliiba kambani.

"Kisirani anafanya nini?" akauliza Kaka.

"Anaachia kamba."

Mwalimu alidondosha kalamu. Kaka akacheka kidogo. "Anashika kamba, ndivyo unavyotaka kusema."

"Anaachia. Kilichosemwa mezani kimesemwa. Soma hapo, si mwandiko wako?"

Kaka akamgeukia Mwalimu, na Mwalimu akajikuna shingo kwa aibu. "Sheria ni sheria," akasema chini chini. "Lakini anaweza kudaka mwamba. Kumi na mbili kwenda juu, amepona."

Kaka aliichukua kete, akaigeuza geuza, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku nyingi. Akatabasamu. Kisha akaiweka kwenye kiganja cha mama.

"Mama," akasema kwa sauti ya Mwewe, "nirushie wewe. Dada ameniachia."

Alitaka nipige magoti, nifute kauli yangu mbele ya wote. Kete ikawa inagonga pete ya ndoa ya mama. "Mwanangu," akaniambia, "shika kamba. Nakuomba. Shika kamba, mama." Mama aliyenizaa ananibembeleza kama mtoto, machozi yanadondokea kwenye mkoba. Na mimi nikakaza uso.

"Rusha, mama."

Akarusha. Kete ilibiringika juu ya milima, ikavuka mto, ikalala karibu na korongo. Nne.

Mama hakujua hesabu za kete. Aliutazama uso wa Kaka. "Kashika?" akauliza. "Kashika jiwe?"

Kaka angeweza kudanganya. Lakini Mwalimu alikuwa anaiona kete, mimi naiona kete, na kaka yangu anaiheshimu ile nchi yake ya mbao kuliko anavyomheshimu mama. Akatoa sauti ya mdogo wangu kwa mara ya mwisho, si neno, ni ukelele, unakwenda chini, unapungua, unakwenda chini zaidi. Hakuwa na haja ya kufanya vile. Alifanya, na hakuwa na haraka.

Mama aliufunga mkoba, hati ikiwa bado imo. Nilishinda, unaona? Akasimama akiegemea meza.

"Mara ya kwanza alichukuliwa na Mungu," akaniambia. "Mara hii umemwachia wewe. Usikae tena kwenye meza hii."

Kuanzia hapo hakunisemesha. Tunaishi nyumba moja, tunapika jiko moja. Asubuhi nikimwambia "Shikamoo, mama," ananipita kama nguzo. Chakula nikipika mimi hakigusi, anangoja Kaka amletee. Nilimshonea gauni, nikalikuta limekatwa matambara ya kufutia meza. Iliniuma mpaka nikashindwa kukanyaga cherehani. Nikajipa moyo kwamba uchungu utapoa, na angalau kasuku kafungwa mdomo.

Halafu Jumapili nyingine, nikiwa chumba cha mbele na pindo la pazia mkononi, nikasikia bango likilazwa mezani. Mwalimu alisalimia kwa unyonge. Nikawaza, watacheza nini na wamebaki wawili? Nikasikia kiti cha marehemu kinavutwa, mama anakaa.

"Kwenye ukingo wa korongo," Kaka akaanza, "kuna mwanamke amepiga magoti. Upanga kautupa."

Halafu nikajisikia mimi.

Ilikuwa sauti yangu. Ule msonyo wangu kabla ya kusema, ambao mama amenigombeza nao tangu nikiwa mdogo. Vile ninavyolivuta neno "mama" nikichoka. Kaniiba mzima mzima! Asiyekuja, mtu wake anachezwa na Msimulizi, na mimi nilikuwa nimekatazwa kuja.

"Shikamoo, mama," ikasema sauti yangu kule ndani.

"Marahaba." Mama aliitika upesi, kama aliyekuwa akingoja mlangoni. "Marahaba, mwanangu."

"Nisamehe, mama. Hasira zilinizidi."

"Nimeshakusamehe. Acha kulia, njoo ukae karibu nami."

"Mwandikie Kaka nyumba. Mimi chumba cha uani kinanitosha."

"Sawa, mwanangu. Ukisema wewe, sawa."

Nilitupa pazia na sindano yake, nikaingia sebuleni mbio. Hati ilikuwa imetandazwa juu ya nchi, imefunika milima, na kalamu ya Mwalimu imo mkononi mwa mama. Mwalimu akainamisha kichwa. Kaka hakugeuka.

"Mama!" nikapiga kelele. "Mimi huyu hapa! Ndiye mimi, mama, nitazame!"

Mama akainua uso. Aliniangalia, baada ya siku zote zile aliniangalia, na hakuwa hata na hasira. Akaweka kidole mdomoni.

"Nyamaza kidogo," akasema. "Mwanangu anaongea."