Kalenda ya Shemeji

Jumanne oda kumi na moja za oksijeni zilikaa kwenye seva yetu kwa muda wa saa tano bila mtu kuzisoma.

Kazi yetu ni kujaza mitungi ya oksijeni na kuipeleka hospitalini. Hospitali inatuma barua pepe, seva inaitambua na kumpigia simu dereva wa zamu papo hapo. Mpango huo niliuandika mwenyewe, mstari kwa mstari, kwenye mafaili ya mipangilio. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kwa miaka tisa simu ile haikukosa kulia.

Mkurugenzi ni mume wa dada yangu. Alitaka kila mfanyakazi aone kalenda ya mwenzake, na anwani za wateja ziwe mahali pamoja. Sikukataa.

"Shemeji, inawezekana juu ya seva hii hii," nilimwambia. "Ila mafaili niliyoyabadilisha yasiguswe. Programu ya kalenda itauliza, na mimi nataka niwepo."

Akaleta mtaalamu mwenye vyeti, tukamwita Msomi. Asubuhi ya Jumanne hiyo nyaya zikaungua kwenye ghala la pili, nikaitwa.

"Usibonyeze kitu mpaka nirudi," nikamwambia Msomi.

"Mzee wangu, hiyo mashine umeioa?"

"Nimeioa. Usimguse."

Shemeji akacheka mpaka akakohoa.

Nilirudi saa tisa. Getini nikamkuta mtunza stoo wa hospitali moja, amekuja mwenyewe na gari la wagonjwa, shati limemganda mgongoni.

"Nimewaandikia mara tatu tangu saa nne! Simu ya ofisi hampokei! Wagonjwa watatu tumewahamisha, mitungi imetuishia. Mnatufanyia mchezo?"

Dereva wa zamu alikuwa kivulini anacheza drafti. Simu yake iko mezani, kimya. Nikamwambia apakie mitungi haraka, nami nikapanda ngazi mbilimbili.

Chumba cha mikutano kilijaa wageni walioalikwa kuiona kalenda mpya. Kalenda imemulikwa ukutani, rangi tupu. Simu ya mapokezi walikuwa wameichomoa ili wasisumbuliwe.

"Msomi, programu ilikuuliza nini?"

"Kama ibakize mafaili ya zamani au iweke mapya. Nikaweka mapya."

"Yote?"

"Yote saba. Mapya ndiyo salama."

"Shemeji, punguza sauti," mkurugenzi akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia aendelee. Wageni walikuwa wanafika saa nne."

"Wageni! Watu wanapumua kwa mitungi yetu, wewe unaonyesha rangi?"

"Kwani hukuweka nakala?" Msomi akauliza, kana kwamba amenikamata.

"Ninayo mfukoni."

Nikachomeka flashi, nikarudisha mafaili yote saba, nikaiunganisha kalenda upya bila kuyagusa. Dakika ishirini na tano. Simu ya dereva ikalia, na kalenda ikabaki ukutani na rangi zake. Wangenisubiri tu, wangepata vyote viwili!

Shemeji alinifuata mpaka kwenye ngazi. "Usimwambie dada yako," akanong'ona.

Nilimwambia dada usiku uleule, na nilimtajia kila kitu kama ninavyokitaja hapa. Saa tano. Oda kumi na moja. Mitungi hamsini na minne iliyochelewa. Wagonjwa watatu waliohamishwa. Wawili tu walifika wakiwa hai.