Fimbo Katika Kipindi cha Michezo

Siku Keneuoe alipovaa sketi ya mazoezi kwa mara ya kwanza, mwalimu wake Limpho aliona alama mbichi za fimbo mapajani mwake. Kabla hajamuuliza, baba mdogo wa mtoto, Lehloenya, akaingia uwanjani na rungu la wachungaji.

"Nilikwambia ubaki na mbuzi," akasema, akampiga mgongoni. Keneuoe akaanguka kifudifudi. Pigo la pili Limpho alilikinga kwa mkono, na mfupa ukavunjika.

"Mwalimu, haya ni mambo ya ukoo wetu. Kaa pembeni."

"Na hapa uwanjani ni darasani kwangu, Ntate," Limpho akajibu, akimwita baba kwa heshima.

Lehloenya alipoinua rungu tena, Limpho alijitupa miguuni pake akamng'ata paja mpaka damu ikamjaa kinywani. Lehloenya akamkanyaga mbavu, akapiga mayowe, lakini Limpho hakumwachia mpaka walimu wenzake walipofika wakamfunga Lehloenya kamba.

Kituoni, polisi alimhoji Limpho, naye kwa maumivu akashindwa kusema. Keneuoe akajivutia kiti, akaketi mbele ya polisi.

"Andika," akamwambia. "Alianza kunipiga wiki tuliyomzika mama."